Nani Mkubwa kwa Nani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Vyeo vya Mafia ya New York

Wasomaji wa habari za uhalifu huuliza kila mara nani humtii nani ndani ya genge. Majibu ya jumla kwa swali hilo huwa hayana nyama, kwa hiyo hapa nimeshikilia familia tano za Mafia ya New York: Gambino, Genovese, Lucchese, Bonanno na Colombo. Ni magenge machache duniani ambayo mambo yao ya ndani yameanikwa mahakamani kiasi hiki, kwa kanda za sauti na kwa vinywa vya wanachama wenyewe. "Familia" hapa ni jina la kundi. Wengi wao hawana udugu wa damu. Na wenzetu wa Kisiwa cha Mafia wasinune, majina yamegongana tu.

Ngazi zenyewe zikoje, kutoka juu hadi chini?

Juu yuko bosi. Chini yake yuko naibu bosi, na pembeni ya hao wawili yuko mshauri, ambaye Waitaliano humwita consigliere. Watatu hao ndio utawala wa familia. Wanafuata makapo, yaani makapteni, kila mmoja na kikosi chake. Kikosi kina askari, ambao ni wanachama walioapishwa. Halafu wapo washirika: watu wanaoiba, wanaochezesha kamari, wanaokopesha kwa riba ya kunyonga na wanaopiga wadaiwa kwa jina la familia bila kuwa wanachama. Washirika huwa wengi kuliko walioapishwa.

Ukiuchora mpangilio huo ukutani utadhani ni wa jeshi, na polisi wa Marekani wameuchora hivyo tangu miaka ya 1960. Mchoro si uongo. Ila kuna mambo mawili hausemi, na kila mtu wa mtaani aliyajua: nani analeta pesa, na nani anaogopwa.

Nani aliyeupanga mfumo huu?

Kati ya mwaka 1930 na 1931 Waitaliano wa magenge ya New York walipigana vita vikali, upande mmoja ukiongozwa na Joe Masseria, mwingine na Salvatore Maranzano. Masseria aliuawa katika mgahawa wa Coney Island Aprili 1931. Maranzano akajitangaza bosi wa mabosi wote. Cheo hicho hakukikalia muda mrefu: tarehe 10 Septemba mwaka huohuo watu waliojifanya maofisa wa serikali waliingia ofisini kwake Manhattan wakamuua.

Aliyekuwa nyuma ya vifo vyote viwili ni Charles "Lucky" Luciano. Angeweza kujitwalia taji lile, lakini alikuwa ameona lilivyowafanya wenzake. Akaziacha familia tano kila moja na bosi wake, na juu yao akaweka baraza la mabosi lililoitwa Tume. Tume ndiyo iliyotakiwa kumkubali bosi mpya, kuamua migogoro kati ya familia, na kutoa ruhusa bosi akitakiwa kuuawa. Kumbuka hilo la mwisho, maana litarudi tukifika kwa John Gotti wa familia ya Gambino.

Kama ni siri, tulizijuaje ngazi hizi?

Kwa sehemu kubwa ni kwa sababu ya askari mmoja mwenye hofu. Joe Valachi alikuwa wa familia ya Genovese tangu enzi za Luciano, na hakupanda cheo hata siku moja. Mwaka 1962, akiwa kwenye gereza la Atlanta pamoja na bosi wake Vito Genovese, aliamini ametolewa kafara kwa tuhuma za usaliti. Siku moja uani akamwona mfungwa aliyedhani ametumwa kumuua, akaokota kipande cha bomba la chuma akampiga hadi kufa. Hakuwa yule aliyemdhania. Ili kuepuka hukumu ya kifo, Valachi akazungumza, na mwaka 1963 akatoa ushahidi mbele ya kamati ya Seneti iliyoongozwa na John McClellan, kamera za televisheni zikiwaka. Nchi nzima ikasikia kwa mara ya kwanza jina Cosa Nostra, ambalo wanachama wenyewe huliita kundi lao, na maneno kama kapo na askari.

Wapo wanaosema Valachi alijua kidogo kwa kuwa alikuwa wa chini. Mimi naona hiyo ndiyo faida yake. Bosi angetueleza nadharia. Yeye alieleza jinsi amri inavyomfikia mtu wa mwisho, na jinsi mtu huyo anavyokaa miaka na miaka bila kuzungumza na bosi wake ana kwa ana.

Askari ni cheo cha chini. Mbona watu walikililia namna ile?

Kwa sababu si cha chini. Kati ya mshirika na askari kuna ukuta, na ukuta huo ni mrefu kuliko ule ulioko kati ya askari na kapo.

Aliyeapishwa haguswi. Hupigwi kofi, huibiwi, huuawi bila idhini ya utawala, hata kama anayekuchukia ni tajiri kuliko wewe mara kumi. Mkigombea biashara na mtu ambaye hajaapishwa, neno lako ndilo litakalosimama. Ukifungua mchezo wa kamari mtaani, hakuna genge dogo litakalokuja kukutoza. Mshahara hakuna. Unachopewa ni kivuli cha kutafutia riziki.

Masharti yalikuwa mawili makubwa. La kwanza ni asili ya Kitaliano, na hilo limekuwa likibanwa na kulegezwa: kuna wakati walidai baba na mama, kuna wakati baba alitosha. La pili ni kupendekezwa na mwanachama anayekubali kubeba lawama zako. Jina la mgombea lilipitishwa kwa familia nyingine ili mwenye kinyongo aseme mapema. Na kuna vipindi mlango ulifungwa kabisa. Kuanzia mwaka 1957 hadi katikati ya miaka ya 1970 uandikishaji New York ulikuwa umesimama, na wanaume wakazeeka wakisubiri.

Kiapo chenyewe kilinaswa tarehe 29 Oktoba 1989 katika nyumba moja ya Medford, Massachusetts, FBI, wapelelezi wa serikali kuu ya Marekani, walipoweka vinasa sauti wakati familia ya Patriarca ya New England, nje ya zile tano, ikiwaapisha watu wanne. Kidole cha kufyatulia bastola kinachomwa hadi damu itoke. Picha ya mtakatifu inawashwa moto mkononi mwa mgombea, naye anatamka kwamba anaingia akiwa hai na atatoka akiwa maiti. Wanachama wa Mafia ya Sicily walikula kiapo cha aina hiyohiyo karne ya 19. Tofauti ni kwamba hawa, chini ya dari lile, walikuwa wakiiapia siri mbele ya serikali.

Mshirika je, ni kibarua tu?

Wengine ndiyo. Wengine walikuwa wazito kuliko askari wengi, na hapa ndipo mchoro wa ukutani unapoanza kudanganya.

Meyer Lansky alikuwa Myahudi, hivyo hakuweza kuapishwa. Lakini alikuwa mwenzake Luciano tangu ujana, na kwenye mambo ya kasino na pesa mabosi walimsikiliza. Jimmy Burke, mwenye asili ya Ireland, alifanya kazi chini ya kapo Paul Vario wa familia ya Lucchese. Genge la Burke ndilo lililoiba ghala la Lufthansa kwenye uwanja wa ndege wa Kennedy tarehe 11 Desemba 1978 na kuondoka na takriban dola milioni tano taslimu, mbali na vito. Hakuna askari wa Vario aliyewahi kuleta mzigo wa namna hiyo kwa usiku mmoja. Bado Burke alibaki nje ya mlango.

Kila mshirika huandikishwa kwa jina la mwanachama fulani, na ni wa huyo. Mkikosana na mshirika wa mtu mwingine, nyinyi hamzungumzi. Wanaokaa kikaoni ni wanachama wenu, wewe unangoja nje upewe jibu. Askari akiwa mlegevu kikaoni, mshirika wake atashindwa hata akiwa na haki. Ndiyo maana mtu mjanja alichagua wa kumtumikia kwa makini kuliko alivyochagua mke.

Wanatambuanaje bila vitambulisho?

Kwa mtu wa tatu. Mwanachama hajitambulishi kwa mwanachama mwenzake asiyemjua. Lazima awepo anayewajua wote wawili. Akisema "huyu ni rafiki yetu", anamaanisha ameapishwa. Akisema "huyu ni rafiki yangu", maana yake ni mtu wa nje, chunga mdomo.

Anayetambulisha anaweka shingo yake rehani, na hilo lilionekana wazi kwa ofisa wa FBI Joseph Pistone. Kuanzia mwaka 1976 hadi 1981 aliishi ndani ya familia ya Bonanno kama mwizi wa vito aitwaye Donnie Brasco. Askari Benjamin "Lefty" Ruggiero ndiye aliyemchukua na kusema huyu ni wangu. Kapo Dominick "Sonny Black" Napolitano alimpenda kiasi cha kutaka aapishwe. Julai 1981 FBI walipowaeleza Brasco ni nani, Napolitano aliitwa kikaoni mwezi uliofuata na hakurudi. Maiti yake ilipatikana mwaka 1982. Ruggiero aliponea chupuchupu kwa sababu FBI walimkamata kabla wenzake hawajamfikia.

Pesa hupandaje ngazi?

Mkono mtupu haulambwi, na hakuna mahali methali hii ilipochukuliwa kwa uzito kama huku. Mshirika humpa askari wake fungu, askari humpa kapo, kapo hupeleka juu. Kiwango hakiandikwi popote na hutofautiana kati ya kapo na kapo. Bosi hakai akifanya hesabu za kila mchezo wa kamari. Anajua tu bahasha ya kikosi fulani kwa kawaida ina unene gani, na ikikonda ghafla atauliza.

Hapo ndipo zinapotokea hadhi mbili zisizo na jina la cheo. Kuna mleta pesa na kuna mtu wa mkono, yule anayetumwa kuumiza. Mleta pesa husamehewa mengi: uvivu wa kuhudhuria vikao, ulevi, hata kinywa kipana. Mtu wa mkono huogopwa na kila mtu, akiwemo bosi wake, na hiyo ni hali ya hatari kwake. Roy DeMeo wa familia ya Gambino alikuwa vyote viwili. Kikosi chake cha Brooklyn kilihusishwa na mauaji ya makumi ya watu, na pia kilileta fedha nyingi za magari ya wizi. Polisi walipoanza kumkaribia, wakubwa waliona ni bora asiwepo. Alikutwa ndani ya buti la gari lake Januari 1983.

Mfano ninaoupenda zaidi hauna damu. Ralph Scopo alikuwa askari wa kawaida wa familia ya Colombo. Lakini alikuwa pia rais wa baraza la vyama vya wafanyakazi wa zege New York, na bila wafanyakazi wale ghorofa haliinuki Manhattan. Kwa kandarasi za zege za hadi dola milioni mbili, mkandarasi alitoa asilimia moja. Kandarasi za kati ya milioni mbili na milioni 15 zilipangiwa kampuni chache zilizoteuliwa, nazo zikalipa asilimia mbili kwa mabosi wa Tume. Scopo ndiye aliyekutana na wakandarasi, akawaeleza nani apate kazi ipi na nani asijisumbue kuomba. Mabosi wanne walikuwa wakila kupitia kwa askari mmoja. Kwenye mchoro angekuwa kisanduku kidogo chini kabisa.

Makapo wote wana nguvu sawa?

Kwa sheria, ndiyo. Kwa hali halisi, hapana kabisa, na historia ya familia ya Gambino ndiyo ushahidi.

Carlo Gambino alipokufa Oktoba 1976, naibu wake alikuwa Aniello Dellacroce, mtu wa mtaani aliyeheshimiwa na kuogopwa. Kwa ngazi ilivyo, zamu ilikuwa yake. Gambino alimwachia kiti shemeji yake Paul Castellano. Ili kuzuia vita, Dellacroce alibaki naibu na kuachiwa vikosi vyake, makapo wa wizi na mabavu, huku Castellano akishika wenye biashara: nyama, ujenzi, malori. Familia moja, serikali mbili. John Gotti, kapo wa kikosi kilichokaa kwenye klabu ya Bergin huko Ozone Park, alikuwa wa Dellacroce mwili na roho.

Castellano aliishi kwenye kasri la Staten Island na kukutana na watu wachache. Mwaka 1983 watu wa Gotti, akiwemo ndugu yake, walishtakiwa kwa heroini, biashara ambayo Castellano aliipiga marufuku kwa adhabu ya kifo. Kilichowakinga ni uhai wa Dellacroce tu. Alikufa kwa saratani tarehe 2 Desemba 1985. Castellano hakwenda msibani. Kwa watu wa mtaani hilo lilitosha. Bosi asiyemzika naibu wake ameshajizika. Akazidisha kwa kumpandisha dereva na mlinzi wake, Thomas Bilotti, kuwa naibu. Tarehe 16 Desemba wote wawili walipigwa risasi mbele ya mgahawa wa Sparks, Manhattan, watu wakiwa kwenye manunuzi ya Krismasi.

Makapo wakakusanyika wakamchagua Gotti. Uchaguzi ulifuata utaratibu, kila kapo na kura yake, na hakuna aliyeuliza kwa sauti nani alimuua bosi. Lakini Tume haikuwa imetoa ruhusa. Aprili 1986 bomu la gari lililotegwa kwa baraka za wakubwa wa Genovese na Lucchese lilimuua Frank DeCicco, naibu mpya wa Gotti.

Askari akimkaidi bosi inakuwaje?

Louis DiBono alikuwa askari wa Gambino mwenye biashara ya ujenzi. Gotti alimwita, hakwenda. Akaitwa tena, akatoa udhuru. Desemba 1989, katika nyumba iliyokuwa juu ya klabu ya Ravenite mtaa wa Mulberry, FBI walimnasa Gotti akieleza kwamba DiBono atakufa si kwa sababu ameiba chochote, bali kwa sababu aliitwa akakataa kuja. Oktoba 1990 alikutwa amekufa ndani ya gari lake kwenye maegesho ya chini ya World Trade Center.

Nadhani kifo hicho kilikuwa na mantiki ndani ya mfumo wao, ukiutazama kwa macho yao. Cheo kisicho na ofisi, barua wala mkataba kinashikiliwa na kitu kimoja: ukiitwa unakwenda.

Gotti huyohuyo aliigeuza kanuni hiyo ikamwangusha. Aliwalazimisha makapo wote waje Ravenite kila wiki kumsalimia. FBI wakaweka kamera ng'ambo ya barabara, wakaangalia nani anambusu nani, nani anatembea naye kando wakinong'ona, na nani anangojeshwa. Ngazi nzima ya familia, iliyofichwa kwa miaka mingi, ilipita mbele ya lenzi.

Kazi ya mshauri ni nini hasa?

Inategemea enzi. Kwa maelezo ya Valachi, Luciano aliwaweka washauri ili kuwalinda askari dhidi ya makapo wenye hila: kabla askari hajauawa, kesi yake isikilizwe. Baadaye cheo kikawa cha mzee wa hekima anayesuluhisha mambo, na baadaye zaidi kikawa zawadi ya kumfurahisha mtu. Salvatore Gravano alikuwa mshauri wa Gotti, kisha naibu. Mwaka 1991 alikubali kuwa shahidi wa serikali akakiri kuhusika na mauaji 19, na ushahidi wake ukachangia Gotti kufungwa maisha mwaka 1992.

Ni kweli kuna mabosi wa bandia?

Kweli, na familia ya Genovese ilikuwa na mabingwa wa mchezo huo. Miaka ya 1980 waandishi wa habari na waendesha mashtaka walimtaja Anthony "Fat Tony" Salerno kama bosi. Alikaa kwenye klabu yake ya East Harlem na sigara mdomoni, akisikiliza kesi, akigawa amri. Katika Kesi ya Tume, iliyowashtaki wakuu wa familia kwa pamoja, alihukumiwa kwa cheo hicho. Baraza la wazee wa mahakama lilitoa uamuzi Novemba 1986, naye akapewa miaka 100.

Bosi halisi alikuwa mtaa wa Sullivan, Greenwich Village, akitembea barabarani na vazi la kuogea na ndala, akijisemesha peke yake. Vincent "Chin" Gigante aliigiza wazimu kwa miongo kadhaa, akilazwa hospitali mara kwa mara, na madaktari wakathibitisha ugonjwa wake. Watu wake walikatazwa kutamka jina lake. Aliyetaka kumtaja aligusa kidevu. Alihukumiwa mwaka 1997, na mwaka 2003 akakiri mahakamani kwamba alikuwa akidanganya. Joseph Massino wa familia ya Bonanno aliiga mtindo huo: watu wake walivuta sikio badala ya kutaja jina. Haikumsaidia. Baada ya kupatikana na hatia mwaka 2004 akawa bosi rasmi wa kwanza wa New York kugeuka shahidi wa serikali.

Je, Salerno alikuwa kikaragosi tu? Hapana. Alikuwa mtu mzito wa kweli, na amri zake zilitekelezwa. Ila ilipofika kwenye mambo makubwa, kulikuwa na mtu wa kuulizwa.

Bosi akifungwa, nani anashika?

Kaimu bosi, au kamati ya watu wachache. Tatizo ni kwamba bosi hapotezi cheo kwa kufungwa, na kaimu huanza kuzoea kiti. Carmine Persico wa Colombo, aliyejitetea mwenyewe bila wakili katika Kesi ya Tume na kupewa miaka 100, aliendelea kutawala kwa ujumbe kutoka gerezani. Kaimu wake Victor Orena alipotaka kiti kiwe chake kabisa, familia ilipasuka na kupigana kuanzia mwaka 1991 hadi 1993. Orena alishindwa. Persico alikufa mfungwa mwaka 2019.

Sicily nako ni hivyohivyo?

Misingi inafanana, majina yanatofautiana kidogo. Huko kapo ni mkuu wa watu kumi, familia jirani zinaunganishwa chini ya eneo moja, na wawakilishi wa maeneo ndio wanaounda tume ya jimbo la Palermo.

Aliyeeleza hayo ni Tommaso Buscetta, aliyeanza kuzungumza na hakimu mpelelezi Giovanni Falcone mwaka 1984. Maelezo yake yalibeba kesi kubwa ya Palermo iliyofunguliwa Februari 1986 ikiwa na washtakiwa 475. Magazeti yalimwita bosi wa dunia mbili kwa kuwa alikuwa na mtandao wa Amerika pia. Kwa cheo, Buscetta alikuwa askari wa kawaida wa familia ya Porta Nuova. Mabosi walitafuta ushauri wake, wafungwa walisimama akipita, na maadui zake walipoona hawawezi kumfikia waliwaua watoto wake wawili na ndugu zake. Hakuna kapo aliyelipiwa gharama ya namna hiyo.

Wanawake wana nafasi gani?

Hawaapishwi. Hubeba ujumbe kwenda magerezani, hushika pesa na mali kwa majina yao, na wakati mwingine hujua zaidi ya askari. Lakini kikaoni hawaketi.

Magenge ya kwetu yana vyeo hivi?

Swali hili huja sana, hasa kutoka Mombasa. Mfano uliopita mahakamani kwa kina ni wa akina Akasha. Baba, Ibrahim Akasha, alipigwa risasi Amsterdam Mei 2000. Wanawe Baktash na Ibrahim walipelekwa Marekani Januari 2017, wakakiri mashtaka ya dawa za kulevya mwaka 2018. Baktash alifungwa miaka 25, Ibrahim miaka 23. Hapo hakukuwa na kiapo wala makapo. Alikuwapo kaka mkubwa aliyeongoza, mdogo wake aliyemsaidia, na watu wa kazi waliokodiwa kwa mzigo. Udugu ulifanya kazi ambayo New York ilifanywa na kiapo. Udhaifu wake ni kwamba ukiwachukua ndugu wawili, hakuna naibu wa kupanda.

Vyeo hivi vipo hadi leo?

Vipo, ingawa havitishi kama zamani. Frank Cali, aliyekuwa akiongoza Gambino, aliuawa mbele ya nyumba yake Staten Island Machi 2019, na wengi wakadhani vita vimerudi. Aliyeshtakiwa alikuwa kijana wa miaka 24 asiyehusika na Mafia, aliyevurugwa kichwa na nadharia za njama za mtandaoni.

Septemba 2021 uongozi mzima wa Colombo ulishtakiwa kwa pamoja, kuanzia bosi Andrew Russo, aliyekuwa na miaka 87, hadi naibu, mshauri na makapteni. Kwa mujibu wa hati ya mashtaka, kapteni mmoja alikuwa akikata sehemu ya mshahara wa kiongozi wa chama cha wafanyakazi Queens tangu mwaka 2001, kimyakimya, kama mradi wake. Mwishoni mwa 2019 wakubwa wakaingilia, wakalenga mfuko wa afya wa chama hicho, na sasa hesabu ilikuwa zaidi ya dola 10,000 kila mwezi, zipelekwe juu kwa utawala.